Mti wa Bibi Kokugonza

Miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto, nyumba zote za Igurwa zilizungukwa na migomba na kahawa. Kwetu palikuwa na kitu cha ziada. Mbele ya mlango kulikuwa na mti mfupi wa maua meupe. Bibi yangu Kokugonza aliuleta kutoka Bukoba. Jioni harufu yake iliingia mpaka jikoni.

Kisha bibi alifariki. Kiangazi kilipofika, majani ya mti yakapukutika yote.

"Umekufa huu," alisema baba yangu, Kashaija. "Nitaung'oa nipande kahawa."

"Usiung'oe, mume wangu," mama alimsihi. "Sina kitu kingine cha mama yangu."

Mama akaanza kuumwagilia maji asubuhi na jioni. Akarundika nyasi shinani, kama tufanyavyo kwenye migomba. Lakini shina likawa laini, likaanza kunuka. Mama akaketi kizingitini akalia.

Jirani yetu Adelgunda alikuwa anapita. Yeye alikulia Muleba, na kwao walikuwa na miti kama hiyo.

"Shikamoo, mama," mama alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona machozi?"

Mama akamweleza. Adelgunda akakwaruza tawi la juu kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani, yakatoka maziwa meupe.

"Tawi hili ni zima," alisema. "Mti huu hupukutisha majani kila kiangazi. Haufi, unapumzika. Wakati huo hautaki maji mengi. Maji yameozesha shina."

"Kumbe nimeuua mwenyewe!"

"Bado. Tukate matawi mazima. Usijiguse macho, maziwa haya yanawasha. Matawi uyaweke kivulini juma zima, mpaka pale tulipokata pakauke. Ukiyapanda leo yataoza."

Baba alikuwa akisikiliza. Alichukua jembe, akachimba penye mwinuko, mahali ambapo maji hayatuami. Akachanganya udongo na mchanga. Matawi yalipokauka pale yalipokatwa, mama akayapanda, akayamwagilia kidogo tu.

Mvua zilipoanza, matawi mawili yakachipua majani. Mwaka uliofuata yakatoa maua. Baba ndiye aliyeliona ua la kwanza. Alilichuma, akaja nalo jikoni, akalishika kwa vidole viwili kama yai.

"Nusa, Mama Kokuhirwa."

Mama akanusa, akafumba macho. Kisha akacheka. Mimi Kokuhirwa, binti yake, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya msiba.