Santuri za Bibi wa Kivukoni

Jogoo wa Kelestini alipanda juu ya rundo la matofali, akanyoosha shingo, akapanua mdomo kama kawaida yake ya kila alfajiri, na hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Akapiga mabawa, akafumba macho, akajikaza mpaka manyoya ya shingo yakasimama. Kimya. Mitetea walimtazama kwa ile aibu ya waumini wanapomtazama msomaji aliyepoteza ukurasa. Kelestini, aliyekuwa akipiga mswaki uani, alicheka mpaka povu likampalia.

"Mama Edna, njoo umwone mwanamume mwenzangu. Naye wamemnyamazisha."

Balbina alitoka jikoni akamshika jogoo, akampapasa koo, akasikiliza kifua chake. Hakucheka.

"Angekuwa na mafua angekoroma," alisema. "Huyu hakoromi. Hata kucha zake kwenye tofali sizisikii."

"Basi supu."

Wakamla. Ifakara jogoo asiyewika hana kazi nyingine. Lakini Balbina alikula shingo upande, akiutazama mfupa kana kwamba utamjibu.

Kelestini alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa feni na redio, aliyezunguka dunia akiwa ndani ya vyumba vya injini vya meli za mizigo, maana yake alizunguka dunia bila kuiona. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na kitambi, goti bovu, na mapenzi ya muziki wa klasiki. Ugonjwa huo aliuambukizwa kwenye bandari moja ya baridi kali, alipoingia ukumbini kutafuta joto akidhani ni kituo cha treni. Alikaa akisubiri treni itangazwe. Badala yake wakatoka watu wenye fidla, na mmoja akikumbatia fidla kubwa kama mtoto anayekataa kulala, na Kelestini akalia machozi ya mtu mzima mbele ya Wazungu wasiomjua.

Tangu siku hiyo alikusanya santuri. Zilianza kwenye rafu, zikajaza kabati, zikachukua chumba cha wageni kizima, na wageni wakahamia kwenye kochi. Majirani waliuita muziki wa msiba wa Wazungu. Balbina, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani na kwenye misiba yote ya mtaa, hakuuchukia. Alichouliza ni kimoja tu.

"Baba Edna, ni mpaka lini?"

"Mpaka zitoshe."

"Na zitatosha lini?"

"Bado moja tu."

Jibu hilo alilitoa miaka nenda rudi, na kila mara alilitoa kwa moyo mweupe.

Sasa, ile bado moja ilikuwa ikipatikana Kivukoni. Alikwenda kule siku moja kutengeneza feni ya muuza samaki, na aliporudi, kwenye gati la zamani ambako pantoni lilikuwa likitia nanga kabla ya daraja kujengwa, aliona nyumba ndogo ya udongo na bibi ameketi mlangoni. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, saa ambayo mtu hata kivuli chake hakioni.

"Wewe ndiye mpenda fidla," bibi alisema.

Mtu mwenye akili angeuliza amejuaje. Kelestini aliamkia. "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alisema, "Ingia."

Ndani kulikuwa na baridi ya mtungini, na hapakuwa na mbu hata mmoja. Nyumba ya bondeni, hatua chache kutoka mtoni, haina mbu. Hapo pia mtu mwenye akili angekimbia. Lakini bibi alikuwa amekwisha kumpa kapu la ukindu, na ndani ya kapu, chini ya jani la mgomba, mlikuwa na santuri ambayo Kelestini aliwahi kuisikia kwa jina tu.

"Ziliachwa," alisema bibi. Hakusema na nani. "Chukua. Fedha sitaki. Kapu langu nirudishie, ndipo uchukue nyingine."

Hiyo na zilizofuata Kelestini alizificha chini ya gunia la pumba nyuma ya pikipiki, akaziingiza ndani Balbina akiwa mazoezi ya kwaya. Kapu alilirudisha tupu. Mara ya pili akalirudisha tupu, na ya tatu, na kila safari baada ya hapo. Kama Balbina angelijua lile kapu, lisingetoka mlangoni bila vibaba viwili vya mchele, kwa maana hakuna mwanamke wa Ifakara anayerudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Hata ukiletewa mboga na adui, bakuli lake linarudi na kitu. Lakini Kelestini alikaa mno na watu wanaorudisha bakuli limeoshwa na kuambiwa ahsante.

Baada ya jogoo, ukafuata mlango wa karakana. Mlango ule ulilia kwa miaka yote kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na siku moja ukafunguka bila neno. Kelestini alimshuku Evod, jirani yake, kwamba ameutia mafuta ili aje kumwibia waya usiku. Evod aliapa kwa mama yake. Kisha kikafuata kinu. Balbina alikuwa akitwanga, mchi unapanda na kushuka, mpunga unaruka, naye Kelestini aliyekaa karibu akainua kichwa taratibu kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifungua.

Balbina alisimamisha mchi hewani. "Baba Edna. Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndicho ninachouliza."

Upepo ukaleta harufu ya tope la mtoni na magamba ya samaki mbichi, na harufu hiyo haikutoka upande wa mto. Ilitoka chumba cha wageni.

"Unakwenda wapi kila saa saba?" Balbina alinong'ona.

"Kutengeneza feni."

"Feni gani inakurudisha unanuka kambale? Ana jina huyo mwanamke?"

Kelestini alipima. Kule kweli palikuwa na mwanamke, mzee kama mto wenyewe, na palikuwa na santuri. Akaona heri kushukiwa hawara, kwa maana padri anajua la kufanya na hawara. "Hakuna mwanamke," alisema, akatazama chini vizuri kabisa, kama mwenye hatia.

Jioni hiyohiyo aliweka santuri mpya. Vinanda vilitulia, kipande cha kwanza kikaisha, na katika ule unyamavu mfupi kabla ya cha pili, mahali ambapo ukumbini watu hukohoa, aliwika jogoo. Aliwika na ile kona yake mwishoni, kama anayeuliza swali. Kelestini alimjua. Alikuwa amemla paja. Akarudisha sindano nyuma, na alipoegemeza sikio akausikia pia, mbali sana nyuma ya fidla, mlango wake ukilia, na chini ya mlango, dum, dum, dum, kinu cha mkewe kikitwangwa na mtu asiyechoka.

Hapo ndipo angeacha. Alijiambia ni kasoro ya kiwanda. Kesho yake saa saba akapanda pikipiki na kapu tupu, kwa sababu bado moja.

Jumamosi walikuwa msibani kwa marehemu Donati, fundi cherehani. Jeneza lilipoinuliwa, watu wote waligeuka kumtazama Balbina, kama ilivyo desturi, aanzishe. Balbina akavuta pumzi, akapanua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka, akapiga kifua kwa kiganja, na kutoka kwenye koo lile lililozika nusu ya mtaa hakikutoka hata kikohozi. Wabebaji walisimama na jeneza mabegani. Mwishowe mama mmoja wa nyuma akaanzisha kwa sauti mbovu, msafara ukaenda, na Balbina akabaki amesimama kwenye vumbi akimtazama mumewe. Kelestini alitamani amtukane.

Hospitali walimulika koo wakasema ni safi, halina uvimbe, apumzike. Kelestini hakuwasikiliza. Alirudi nyumbani mbio, akajifungia chumba cha wageni, akaweka santuri ya mwisho kwa pupa, sindano ikakwaruza kabla haijatua. Kisha okestra ikafunguka polepole kama lango la kanisa, fidla zikapisha, vinanda vikapisha, na katikati ya uwazi ule akaingia Balbina, sauti yake yenyewe, ya ule mwaka waliooana, kabla ya moshi wa kuni na misiba, ikipanda juu ya vyombo vyote bila kushika kitu, na Kelestini, ambaye alikuwa ameingia mle kwa hofu, alijikuta amekaa chini, amefumba macho, anatabasamu, kwa maana katika santuri zake zote hakuna iliyowahi kuwa nzuri kama hii. Ikaisha. Akairudia. Alijua, kama kila mwenye santuri ajuavyo, kwamba kila sindano inapopita hula sauti kidogo. Akairudia tena, na tena, mpaka harufu ya tope ilipomkaba ndipo akafumbua macho, akamkuta Balbina amesimama nje ya dirisha. Alikuwa akibisha kwa ngumi, haijulikani tangu saa ngapi, na ngumi zake hazikuwa na mlio. Machozi yalimtiririka. Alikuwa anautazama uso wa mumewe, ule uso wa raha, ambao hakuuona nyumbani kwake kwa miaka.

Edna, binti yao, mwalimu wa shule Mngeta, ndiye aliyekwenda kijiji cha Mbingu kumleta mganga. Mama Natalia alifika kwa bodaboda, kofia ngumu kichwani, rozari shingoni, kibuyu ndani ya mkoba wa plastiki. Hakufukiza ubani wala hakuomba kuku. Aliunusa mlango wa chumba kile, akarudi kukaa.

"Vitu hivi vilikuja ndani ya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kapu," alisema Kelestini.

Balbina aligeuka akamtazama. Kumbe ni kapu.

"Na kapu likarudi na nini?"

"Tupu."

"Mara zote, baba?"

"Mara zote."

Mama Natalia alitikisa kichwa. "Basi mwenyewe amejipakulia. Yule wa gatini hakudhulumu, alingoja akaona hupakui. Anachukua milio, kwa sababu wewe nawe ndiyo uliyochukua. Naye anakusanya, baba. Na akiulizwa mpaka lini, anajibu kama wewe."

"Sasa tufanyeje?" Edna alinong'ona.

"Vyote virudi, na kapu lijae. Halafu mmoja wenu lazima aseme zimetosha. Yeye hatasema, hana haraka. Akimaliza sauti za humu atakuja kwenye pumzi." Kisha akamgeukia Kelestini. "Ile yenye sauti ya mama, uliisikiliza?"

"Kidogo."

"Kidogo ni mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi si padri," alisema mganga. "Uongo wako utakula wewe na nyumba yako."

Balbina mwenyewe alilijaza kapu mchele mpya, akausawazisha kwa kiganja. Santuri zote, za bibi na za bandarini, zilipakiwa kwenye guta la mizigo la Fidel, kijana wa mtaani. Walipofika gatini Fidel alizima injini, akaangaza huku na huku.

"Mzee, nyumba iko wapi? Hapa si matete tu?"

Kelestini aliiona nyumba. Hakubishana. Alibeba maboksi mwenyewe, moja moja, goti likimlilia, hatua kwa hatua ndani ya matete, na kila alipolitua boksi mlangoni upindo wa khanga ya bibi uliokuwa ukidondoka maji ulilisogeza ndani bila mtu kuushika.

"Shikamoo, bibi. Kapu lako hili. Na zote hizi."

Bibi hakuitikia. Aliingiza mkono gizani akatoa santuri moja. Kelestini aliitambua kabla ya kuisoma: misa iliyoimbwa na kwaya ya mabaharia wa bandari iliyokwisha kufungwa, aliyoitafuta ulimwengu mzima, akaambiwa mahali pote kwamba ilipotea.

"Na hii je?" bibi alinong'ona. "Bado moja."

Mkono wa Kelestini ulinyanyuka wenyewe. Aliuona ukienda, vidole vimekunjuka, kama mkono wa mtu mwingine, na nyuma ya bibi, ndani ya lile giza la baridi, alisikia vyote kwa pamoja, jogoo, mlango, kinu, na Balbina akiimba peke yake katikati yao kama mtu aliyefungiwa chumba asichokijua.

"Zimetosha, bibi," alisema. Lilimtoka kama jino.

Bibi alizamisha vidole kwenye mchele, akauchota, akaunusa. Kwa mara ya kwanza akacheka.

"Marahaba," alisema, na palipokuwa na mlango pakawa na matete.

Aliporudi nyumbani alimsikia mkewe kabla Fidel hajalizima guta. Balbina alikuwa anaongea, anaongea na Edna, na kuku, na sufuria, anacheka na kulia, na Kelestini alikaa kwenye kizingiti akalia naye. Chumba cha wageni kilikuwa cheupe na kitupu, kinanuka sabuni. Jumapili Balbina alianzisha kanisani, na watu walisema sauti imerudi na utamu mpya. Ina kitu chini yake, kama mvua ndogo kwenye majani makavu. Kelestini alikijua kile kitu kutoka kwenye santuri zake kuukuu.

Mchana huo Balbina aliandaa samaki na wali, akatandika mkeka, akajifuta mikono.

"Karibu chakula, Baba Edna," aliita. "Baba Edna. Baba Edna. Baba Edna. Baba Edna."

Alisimama na bakuli mkononi, uso mtulivu, macho yametazama mbele, akiita kwa sauti ileile, kwa pumzi ileile. Edna alikuwa ameshika mdomo. Kelestini alinyanyuka, akamwendea taratibu, akamgusa bega kwa kidole kimoja, kama anayesogeza sindano iliyokwama, kwa upole wote alioujua duniani, na Balbina akaruka kidogo, akaendelea.

"Wali utapoa," alisema.