Basoda ba Mutshatsha

— Sadrack, hawa basoda ni nani alibapaka?

— Mi. Nani mwingine? Siko na mikono?

Sadrack alisema vile akicheka, akaendelea kupanga basoda pa ubao ya triplex. Balikuwa makumi mbili, Balunda ba zamani, kila moya urefu wa kidole. Mifupa yao ni fil ya kuivre, waya ya shaba, nyama yao ni karatasi na gundi ya colle.

Bilonda hakucheka. Alikamata moya, akamupeleka pa dirisha, akamuangalia mu uso.

Miaka mbili sasa, hapa Musonoi, mu Kolwezi, Bilonda na Sadrack balikuwa banatengeneza muchezo ya vita ya bankambo, bababu bao: Balunda ba Musumba upande huu, Batshokwe upande ule. Kila siku ya mungu, yaani Jumapili, banapima hatua na mètre, banatupa kete za dés, banauana kwa sheria. Majirani balikuwa banapita pa lupango na kusema: "Eh, batu bazima na bapoupée ba batoto!" Habakujali. Bilonda kazi yake ni kuandika na kuchora mabao ya basalon de coiffure, Sadrack ni mutu ya taximoto, na mapendo yao ilizaliwa pale pa triplex, katikati ya bale basoda.

Siku ya mungu ile ilikuwa inakuya, haikuwa ya vita. Baba ya Sadrack alikuwa atakuya na bandugu kupiga hodi kwa mama ya Bilonda. Présentation, njia ya kwanza ya kuoa. Njo maana Sadrack alikuwa alienda Mutshatsha majuma tatu, kuita bamuyomba. Kila siku alikuwa anaandika:

"Bilo wangu, huku courant ya umeme hakuna. Napaka basoda na mwangaza ya bougie. Peke yangu, na mawazo yako tu."

Lakini sasa, hawa basoda alirudi nabo, macho yao yote ilikuwa inaangalia juu.

Mu Kolwezi muzima, mutu anapakaka macho vile ni moya tu. Rahima. Rafiki wa Bilonda, binti ya transporteur mumoya ya Kasongo, mwenye bacamion. Bilonda njo alimufundisha, pale pale pa triplex. Kila mara Rahima anaweka nukta nyeusi juu kabisa ya jicho, na Bilonda anapiga kelele: "Rahima, basoda bako banaomba mvua?" Na Rahima anajibu: "Yaya, wacha baombe, vumbi imezidi!"

— Sadrack.

— Eh.

— Nipe téléphone yako.

— Ya nini? Yako haina unité?

— Nipe tu.

Alitia mukono mu mufuko pole pole, sawa mutu mwenye kutoa mwiba. Bilonda aliita namba ya Rahima, akafungua sauti ya haut-parleur. Ililia mara moya tu.

— Sado? Ulisha kumuambia?

Bilonda alisogeza téléphone karibu.

— Allô? Chéri, ulisha kumuambia Yaya? Alilia?

— Bado sijalia, Rahima. Ni mi.

Kule kwa Rahima camion moya ilikuwa inapiga klaxon.

— Yaya Bilo...

— Sema.

— Yaya, haki ya Mungu, hatukupanga. Baba alinituma Mutshatsha kusimamia makala yake, mikaa ya kuuza, bapakie bizuri. Mvua ikakata barabara. Camion ikalala siku kumi na moya mu matope. Nikamukuta Sadrack pa gare, akanipa pinceau ya kupaka tu, Yaya. Pinceau tu.

— Na ikaishia pa pinceau?

Rahima alianza kulia. Bilonda alikata téléphone, akaiweka pa triplex, kati ya Balunda na Batshokwe, pole kabisa, asiangushe mutu.

— Sadrack, unaona namuna uko mujinga? Ulinidanganya na mikono ya mutu nilimufundisha mi mwenyewe.

— Bilo, ikala kwanza.

— Siikale! Bougie! Peke yako! Ulikuwa unaandikia nani ile message, mi ao majirani?

— Ikala, nakuomba. Niko na neno, na nikilisema utakasirika zaidi.

— Zaidi ya hapa? Sema, nione.

Sadrack alikamata musoda moya Mutshokwe ya zamani, alimugeuza geuza mu mikono.

— Huyu, mara ya kwanza, ni nani alimupaka?

Bilonda alimuangalia ule musoda.

— Ni mi. Shati nyekundu, nilimupaka siku mbili. Asubui nikakuta eko na shati ingine, uso ingine. Ulimuosha na pétrole.

— Rangi ilikuwa mingi, Sadrack. Uso ilizama.

— Na mwenzake? Na ule wa ngoma? Na bale munane ba Noël? Kila musoda nilipaka mu hii nyumba, Bilo, uliosha. Hata moya haukuniachia. Unafikiri sikuona? Niliona. Nilinyamaza miaka mbili.

— Juu ya nini haukusema?

— Ningesema namuna gani? Weye unajua kupaka, mi sijue. Lakini kule Mutshatsha nilipaka moya mubaya, mubaya sana, mudomo ilienda mu sikio. Rahima akamuangalia, akasema: "Eh! Huyu ni nkambo wangu kabisa." Akamuweka mbele ya bengine.

Bilonda alikumbuka kitambaa, harufu ya pétrole, na namuna alikuwa anafurahi akimaliza, akisema mu roho: sasa Sadrack atakuwa na jeshi muzuri.

— Njo sababu ya kulala na rafiki wangu?

— Haiko sababu. Ni mi nilikosa. Nakuambia tu fasi ilianzia.

— Na siku ya mungu ulikuwa utamuleta baba yako hapa?

— Ndiyo.

— Na Rahima eko anajua?

— Anajua.

— Ulitaka kutuoa sisi bote mbili?

— Hapana! Nilifikiri itaisha yenyewe. Sawa homa.

— Na iliisha?

Sadrack alimurudisha ule Mutshokwe pa triplex.

— Nakuuliza, baba. Iliisha?

— Hapana.

Inje mama moya alikuwa anaita wateja ba sombe. Bilonda alingojea apite.

— Bilo, niambie niache. Ukisema tu "acha", nitaacha.

— Mi njo niseme?

— Sema neno moya.

— Hapana, Sadrack. Hii sitakutengenezea. Beba basoda bako, enda.

Sadrack alibaingiza mu carton, moya moya, na heshima, sawa batu ba kweli. Pa mulango alisimama. Kisha akawasha moto yake ya taxi, akaenda.

Mama ya Bilonda aliingia nyuma kidogo, na mufuko ya unga pa kichwa, anahema na anacheka.

— Mutoto, nilipishana na bwana yako, hata mbote ya salamu hakunipa! Eko na haya ya muko, ya kukutana na mukwe? Ambia, baba yake anakuya na batu ngapi? Jirani Mama Kyungu anataka kunikopesha biti bya kukalia.

— Habakuye, mama.

— Habakuye namuna gani?

— Mi njo nilikatala.

Mama alishusha unga chini.

— Bilonda. Alikufanya nini?

— Alipata mutu. Ni Rahima.

— Rahima yetu? Ule anakulaka hapa?

— Yetu, mama.

— Na ni Sadrack njo alikutuma ukatale?

Pale njo machozi ilitoka, yote mara moya, na mama akamukamata mabega.

— Hapana, mama. Nilimungojea. Alisimama pale pa mulango, mi nikanyamaza, nikamungojea aseme mwenyewe kama anabakia. Nilimungojea sana, mama. Hakusema.