Kengele Isiyo na Ulimi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Xiaobei, mtaa wa Kichina uliojaa wafanyabiashara Waafrika, Eliudi alipofika ghalani kuikagua kengele. Visa yake ilikuwa ukingoni. Dada Martina, mfanyabiashara wa Mbeya aliyeagizwa kengele hiyo na parokia yake, alimwahidi tiketi ya kurudi nyumbani kengele ikipakiwa salama. Degree ya historia, upper second, na kazi yenyewe ndiyo hii: kukagua vyuma chakavu. Asante, taifa!

"Igonge nami niisikie, mdogo wangu," Martina alisema simuni, yuko hotelini. "Ikiwa na ufa, paroko atanicheka."

Ndivyo tulivyo. Hata sufuria Kariakoo hatununui bila kuigonga.

Kengele ilikaa peke yake ghalani, imetengwa na marundo ya shaba kutoka Marekani. Ulimi wake ulikuwa umekatwa. Eliudi akawasha VPN, akalisaka jina la Kihispania lililochorwa juu yake. Misheni. Magofu sasa, huko jangwani Marekani, nchi ya Wa-O'odham, wenyeji wa asili. Mapadri Wahispania waliwaita watu kwa kengele: alfajiri sala, kisha kufyatua matofali ya udongo. Aliyechelewa, viboko. Ndui ikawafyeka. Waliobaki wakaasi, kanisa wakalitia moto.

"Walifanya la maana," alinong'ona, akachomoa funguo.

Laoban, mwenye ghala, akaziba masikio. "Bu yao! Bu yao!"

"Hutaki nini, bosi? Kugonga tu!"

Akagonga.

Sauti haikuisha… ilizama sakafuni. Laoban akatoka mbio, hata mlango hakufunga.

Harufu ya udongo uliolowa ikajaa ghalani. Nje palikuwa pakavu.

Kisha, pwata… pwata…

Hakuona mtu. Aliona nyayo tu, nyayo za matope, zikijitokeza moja moja sakafuni na kujipanga foleni. Za watu wazima. Za watoto.

"Sikuwaita," alisema. "Jamani, I swear… sikuwaita nyie."

Katikati ya foleni nafasi moja ilibaki wazi.

Tangu chuo aliandika maombi ya kazi mpaka vidole vikaota sugu, hakuitwa hata interview moja. Leo ameitwa.

Miguu yake ikavua viatu yenyewe.

"Tamu hiyo!" Martina alicheka simuni. "Haina ufa! Tiketi yako nakata leo le…"

Akasikika akinusa.

"Eliudi… mbona huku chumbani kunanuka mvua?"

Eliudi alitaka kumwambia: dada, shika mlango, usiende.

Mikono yake ilikuwa tayari imezama kwenye udongo wa matofali.

"Eliudi? Mdogo wangu… nani kanivua viatu?"