Kiingereza cha Refa

"Njumu za leo si za kuvaa, ni za kufungia magoli! Vaa hii, mpige mtu chenga, mwache amekaa chini anauliza njia ya kwenda kwao!"

Hivyo ndivyo Nyasuguta alivyouza viatu vya mpira sokoni Migori. Siku hiyo alivaa gauni la manjano na kitambaa chekundu kichwani, kiatu kimoja juu mkononi. Mwanamume mrefu akasimama mbele yake, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi kola.

"Dada, nataka nyeusi."

"Nyeusi za nini, una msiba? Chukua hizi za kijani, utaonekana mpaka Awendo."

"Mimi ni refa. Refa hatakiwi kuonekana."

"Basi sogea kando, unanizibia wanaotaka kuonekana."

Alicheka, akanunua, na hakuondoka. Jina lake Javan. Siku za shule alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Homa Bay. Jumapili alipuliza filimbi.

Nyasuguta hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Noordin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameanzisha kombe la timu za Migori na Homa Bay, na mechi zingeonyeshwa kwenye mtandao kwa watu wa nyumbani walioko ng'ambo na marafiki zao. Alitaka mtangazaji wa Kiingereza. Nyasuguta alikuwa ametangaza mechi za mitaani kwa Kiswahili miaka minne, bila mtu wa redio hata mmoja kumsikia. Mlango ulikuwa huu. Kiingereza chake kilitosha kuandika barua ya kuomba kazi, lakini hakikuwahi kukanyaga uwanjani.

"Nifundishe," alimwambia Javan.

Kila saa ya chakula cha mchana, simu iliita.

"Mpira wa kurusha?"

"Throw-in."

"Kuotea?"

"Offside. Hiyo hata kuku wangu anaijua, mwalimu. Nipe ngumu."

"Beki amemshika mshambuliaji jezi."

"Holding. Direct free kick."

"Vizuri sana, jaber."

"Na hiyo jaber ni kosa gani?"

"Ni mrembo, kwa Kijaluo. Adhabu yake bado naitafuta."

Mwezi haukuisha kabla hawajapendana. Javan alikuja na samaki wa ziwani, Nyasuguta akasonga ugali, na daftari la maneno likakaa katikati ya sahani. Kisha Javan akaletewa barua: fainali angechezesha yeye. Miaka tisa ya filimbi, na hii ndiyo ingekuwa mechi yake kubwa kuliko zote.

Nusu fainali ya kwanza ilichezwa Migori. Nyasuguta alivaa suti ya buluu ya dada yake, akashika maikrofoni, na kila kosa akalitaja kwa jina lake. Mambo yakaenda sawa hadi dakika ya thelathini, winga alipowapita watu watatu na kuupachika mpira kwenye pembe ya juu. Uwanja ulilipuka. Nyasuguta akafungua kinywa, akatafuta maneno, akapata yale aliyokuwa nayo.

"The whole of the ball has crossed the line," akatangaza. "The goal is valid."

Kicheko kikazuka jukwaani.

"Anatusomea sheria!" mmoja akapaza sauti.

"Mheshimiwa jaji, tunaomba dhamana!"

Hayo angeyameza. Lakini alipogeuka kwenye benchi la marefa, alimwona Javan ameinama, ameshika tumbo, anacheka.

Noordin hakuzunguka. "Dada, mtu wa ng'ambo ameniandikia kuuliza kama kuna mchezaji amefariki. Jumapili ijayo ni nusu fainali ya pili, Homa Bay. Ikiwa hivi tena, fainali nampa mwingine."

Javan alipopiga simu, Nyasuguta aliongea kwanza.

"Ulicheka."

"Nyar Gusii, binti wa Kisii, nisikilize..."

"Wale wengine sina neno nao. Wewe ndiye uliyenivalisha hicho Kiingereza, kisha unanicheka nilivyovaa." Akakata. Siku mbili simu ikaita, hakushika.

Jumatano mchana Javan alisimama mbele ya njumu, tai shingoni, vumbi la chaki kwenye suruali.

"Viatu vyeusi vimeisha," Nyasuguta akasema.

"Nilijicheka mwenyewe. Kila neno ulilosema lilikuwa langu. Miaka tisa sijawahi kushangilia goli. Refa akishangilia, anapigwa mawe. Nilikufundisha makosa kwa sababu ndiyo ninayoyajua."

"Ungeniambia mapema."

"Sikujua mpaka niliposikia. Nisamehe. Mimi sina maneno ya furaha, lakini wewe unayo. Goli likiingia, moyo wako unasema nini, kwa Kiswahili?"

Nyasuguta akasogeza viatu, akampisha kwenye benchi. "Unasema mpira umekwenda kulala wavuni."

"Haya. Gone to sleep in the net."

"Kwani inakubalika?"

"Mimi ndiye mwalimu. Endelea."

Jumapili, Homa Bay, upepo wa ziwa ukipeperusha bendera za kona, Nyasuguta hakusoma sheria. Mshambuliaji alipomgeuza beki akaanguka, alipiga kelele: "He sits him down! He sits the second one down!" Na wavu ulipotikisika: "The ball has gone to sleep, and let nobody wake it!"

Uwanja mzima ukamwitikia. Jukwaani mwanamume mrefu mwenye shati jeupe aliruka juu, mikono hewani, akamwagia jirani soda.

"Fainali ni yako," Noordin akasema, akaenda zake.

Javan alimngoja langoni, simu mkononi.

"Nimekataa kuchezesha fainali."

"Umekataa? Javan, miaka tisa!"

"Kwetu marefa, ukiwa na mtu wako anayefanya kazi kwenye mechi, unasema mapema. Nimewaandikia kwamba mtangazaji ni mchumba wangu."

"Mchumba! Nani amekuambia?"

"Hakuna. Ndiyo nakuuliza sasa. Unanikubali?"

"Yaani umewaambia wakubwa wa filimbi kabla yangu?"

"Nimekosea utaratibu."

"Umekosea vibaya." Alijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika. "Na siku ya fainali utafanya nini?"

"Nitakaa na watu, nipige kelele mpaka sauti ikauke. Leo nimeonja, na ni tamu."

Nyasuguta akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Unampigia nani?"

"Mama, kule Uriri. Wewe wako umeshawaambia." Akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, macho yake kwa Javan. "Mama? Kaa chini kwanza. Kuna Mjaluo hapa anataka kuongea nawe. Ndiyo, ni huyo mwalimu. La, Kikisii hajui hata kidogo. Atajifunza."