Alama za Dimtu

"Vua hiyo kofia, Mukhtar. Nataka kuongea na mtu, sitaki kuongea na kofia."

Mukhtar hakuivua. Aliisukuma nyuma kidogo, kama wanaume wa kwenye video alizozitazama, akaendelea kukunja waya wa kipaza sauti. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la simenti hapa Garsen, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mlangoni ameandika: KAUBOI WA TANA, MTUNZI NA PRODYUZA.

Kauboi huyo alizaliwa Madogo, akalelewa kwenye duka la vipuri vya malori. Alikuwa na kofia, buti zenye ncha na hofu ya ng'ombe. Viwili vya kwanza alivinunua.

"Abdia, mpenzi, jina ni karatasi tu. Keshokutwa Ijumaa tunafunga nikaha. Changu ni chako."

"Na changu?"

"Chetu."

"Basi mbona kwenye wimbo imeandikwa 'Mtunzi: Mukhtar'? Hiyo 'chetu' iko wapi?"

Mukhtar akaangalia simu yake.

Ukweli ulikuwa hivi. Kwa miaka sita Mukhtar alikuwa ametoa nyimbo kumi na nne za kantri. Tisa zilitaja treni, na reli haipiti Tana River. Mbili zilitaja theluji. Hakuna hata mmoja uliowahi kuchezwa na mtu asiye jamaa yake. Kisha Abdia akaja na wimbo kwenye simu, maneno na sauti vyote vyake. Mukhtar akauongezea gitaa, akauita "Dimtu" kama Abdia alivyouita, na sasa ulipigwa harusini kutoka Madogo hadi Kipini.

Abdia alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuisikiliza rekodi ile mpaka mwisho. Hakujua wakati huo alikuwa akiisikilizia nini.

"Kesho uko redioni," alisema Abdia. "Sema hewani kwamba wimbo aliutunga Abdia. Sentensi moja tu. Ukisema, Ijumaa niko. Usiposema, usije kwetu."

"Wallahi nitasema."

"Usiape. Sema tu."

Alhamisi saa nne asubuhi Abdia alikaa nje ya nyumba yao na kaka yake Godana. Simu ilikuwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume. Mtangazaji, Tsuma, hakupoteza muda.

"Kauboi! Wimbo huu uliutoa wapi?"

"Bro, ulinijia usingizini. Nikaamka nikaandika."

Godana akamgeukia dada yake. "Alilala na simu yako?"

"Nyamaza nisikie."

"Na huyu Dimtu ni nani, Kauboi? Wasikilizaji wanataka kujua."

Mukhtar akacheka kicheko cha mtu anayejua anasikilizwa. "Kuna binti mmoja Madogo. Jina lake halisi silitaji. Dimtu ni jina la mahaba, nilimpa mimi."

Godana alicheka mpaka akapaliwa na chai. Abdia hakucheka. Alisubiri tangazo moja la dawa ya kupe liishe, akaingiza kidole kwenye sufuria, akapiga simu redioni.

"Tuna msikilizaji. Nani mwenzetu?"

"Abdia, hapa Garsen. Nina maswali mawili kwa Mukhtar."

"Abdia, mpe–" Mukhtar alianza.

"Kwetu wafugaji, ng'ombe akipotea akaonekana kwenye boma la watu, anayemdai hafunguliwi lango. Anataja alama kwanza. Sasa wewe umedai wimbo. Taja alama."

"Uliza, dada, uliza!" alisema Tsuma, ambaye hakuwahi kupata kipindi kitamu namna hii.

"La kwanza. Mapigo ya wimbo ni matatu, kisha la nne linaburuta. Kwa nini?"

"Hiyo ni staili. Kantri ya Marekani inaenda hivyo. Ni moyo wa mpenzi unaruka."

"La pili. Ule mdundo wa mwanzo, kabla gitaa halijaingia. Ulipigwa na nani?"

"Na mimi! Kwa kiganja, juu ya ubao wa gitaa."

"Vizuri. Tsuma, nimekutumia sasa hivi rekodi ya simu ya Oktoba 2022. Icheze."

Tsuma akaicheza. Zilisikika kwato tatu na mburuto. Kwato tatu na mburuto. Juu yake sauti ya Abdia, imekauka kwa kiu, ikiimba ubeti wa kwanza. Kwenye sekunde ya nane, ng'ombe akalia.

"Huyo ndiye Dimtu," alisema Abdia. "Ng'ombe mwekundu wa mama. Mwaka ule wa ukame tulikuwa na ishirini na saba, akabaki yeye, na mguu mmoja wa nyuma mbovu. Nilimwimbia siku mbili kutoka malishoni hadi mtoni, maana angelala chini asingeinuka. Hayo mapigo ni mwendo wake. Mukhtar aliifunika ile sekunde ya nane kwa gitaa. Hata hakuniuliza ni nini kimelia."

"Kauboi, una la kusema?"

"Halo? Halo? Mtandao mbaya."

Alikuwa amekaa chumba kimoja na Tsuma.

Kabla ya adhuhuri Abdia alipata ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Mimi ni Ikran wa Madogo. Alinipigia huo wimbo mbele ya mama yangu, akasema shingo ni yangu, macho ni yangu, mwendo ni wangu. MWENDO, dada. Ukimwona mwambie asirudi kwetu."

Abdia akajibu: "Pole. Sijui yako, lakini shingo ya Dimtu ni nzuri kweli."

Ujumbe wa pili ulitoka kwa Mukhtar: "Baby hiyo ya Madogo ilikuwa kuchangamsha kipindi tu. Kesho ipo?"

Huo haukujibiwa.

Ijumaa alikuja hata hivyo, kwa bodaboda, na kofia mpya nyeupe.

"Shemeji!" Godana alimwita kutoka ndani ya boma. "Karibu, lango liko wazi."

Lango lilikuwa wazi kweli. Katikati yake alisimama Dimtu, akicheua.

"Godana, msogeze huyo."

"Nani? Binti wa Madogo?"

"Abdia!" Mukhtar alipaza sauti. "Nitabadilisha jina kwenye wimbo. Leo hii. Nakupenda!"

Abdia alitoka akifuta mikono. "Ukinipenda, pita. Ni mzee, na pembe moja ilishakatika. Umemuimba miezi minane, mbona humkaribii?"

Dimtu akapiga hatua tatu, akaburuta mguu. Mukhtar akarudi nyuma hatua sita, kofia ikaanguka. Dimtu aliinusa, akaona si majani, akaiacha.

"Godana," alisema Abdia, "funga lango."

Jumatatu jina lilibadilishwa kwenye wimbo, maana Tsuma alikuwa anauliza hewani kila asubuhi. Sasa inasomeka: Mtunzi, Abdia. Chini yake: Gitaa, Mukhtar. Godana alitaka hilo la chini lifutwe. Abdia alikataa. Gitaa kweli alipiga yeye.