Hainashida na Jogoo wa Jirani

"Hivi mwanangu, hiyo njia yako si ndiyo inayopita kwa dada yangu?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, mama muuza mkaa, jioni moja akiwa ameegemea mlango wa karakana ya baiskeli. Binti wa fundi alikuwa amechuchumaa chini, anapaka cheni grisi. Hakuinua hata kichwa.

"Ndiyo, mama. Haina shida."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwomba akuchotee maji, haina shida. Ukimwomba akushikie mtoto huku ana ndoo kichwani, haina shida. Maji yangemwagika na mtoto angelia, lakini jibu halikubadilika. Shuleni na mtaani walimwita Hainashida, na jina hilo alilipenda, kwa sababu kila aliyemwita alikuwa anatabasamu.

Baiskeli ile aliyokuwa akiipaka grisi aliiunda mwenyewe kwa vyuma vilivyotupwa kwenye kona ya karakana. Alitaka kuiendesha peke yake, siku tatu, mpaka kwa bibi yake, akilala kwa ndugu njiani. Baba yake aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, akaliombea, kisha akatoa sharti.

"Siku ya kwanza ndiyo mtihani wako. Ukifika kwa shangazi yako kabla jua halijazama, kesho yake unaendelea. Likikuzamia njiani, unarudishwa na pikapu ya mjomba wako. Tumeelewana?"

"Haina shida, baba."

"Nimeuliza kama tumeelewana."

"Tumeelewana, baba."

Siku ya safari aliamka, akafagia uwanja kama kawaida, akanywa chai, akapiga magoti akasali. Baba alikagua breki, pampu, dumu la maji na kifurushi cha nguo. Kila kitu kilitosha kwenye keria na nafasi ikabaki. Hapo ndipo mama muuza mkaa alipotokea na kikapu. Ndani yake alikuwa jogoo mwekundu, shingo imechomoza nje.

"Mpelekee dada yangu. Si ndiye mwenye nyumba wa shangazi yako? Wala si mzigo huu, mwanangu. Atakaa kimya kama pamba."

Jogoo akawika, wote wakaziba masikio. Baba alimtazama binti yake, akangoja aseme neno. Binti akasema alilolizoea.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Barabara ilikuwa ya lami, upepo ulimsukuma kutoka nyuma, na jogoo alikaa ametulia akitazama nchi kama abiria aliyelipia kiti cha mbele. Hainashida alihesabu kwamba kwa mwendo ule angefika mapema, hata angepata muda wa kumsaidia shangazi kupika.

Kwenye ghala la saruji alisimama anywe maji. Mlinzi wa ghala akasogea, akamwuliza anakokwenda, akaingia kibandani, akatoka na jozi ya mabuti. "Ya kaka yangu, yuko hapo mbele kwenye kituo cha mafuta. Ninakutundikia tu kwenye usukani. Si mzigo."

"Haina shida."

Mabuti yalikuwa ya mtu mwenye miguu mirefu. Kila alipokanyaga pedeli, buti moja lilimpiga goti la kulia, lingine la kushoto. Alipofika kituo cha mafuta, aliambiwa kaka mtu amekwenda kula. Akangoja. Kaka alirudi, akayajaribu mabuti, akatembea nayo mpaka ukutani na kurudi, akalalamika kwamba yanambana vidole. Hainashida alimsikiliza mpaka mwisho kana kwamba yeye ndiye aliyeyashona.

Juu ya kilima palikuwa na karakana ya seremala. Seremala alimwona anavyohema, akampa kiti, akampa pole, kisha akaleta kioo kirefu chenye fremu ya mbao.

"Msusi wa pale kwenye makutano anakisubiri tangu juzi. Tutakufunga mgongoni kama mtoto. Hakina uzito hiki."

Sauti ndogo moyoni ilimwambia binti atazame jua. Akalitazama. Lilikuwa limeshavuka utosi. "Haina shida," akasema, ila safari hii kwa sauti ya chini.

Seremala alikifunika kioo kwa kitambaa, akamfunga. Kwa umbali fulani mambo yalikuwa shwari. Kisha upepo ukaja, ukachukua kitambaa. Na kwa kuwa kioo kilikuwa mgongoni na kikapu kilikuwa kwenye keria, jogoo wa jirani alijikuta ana kwa ana na jogoo mwingine mwekundu, mkubwa vilevile, mwenye kiburi kilekile.

Akampiga. Yule akajibu hapohapo. Basi vita vikaanza nyuma ya Hainashida, manyoya yanaruka, baiskeli inayumba kama imelewa. Nyuma yao lilikuwa linakuja lori. Dereva akapiga honi ndefu, akawasha taa, mwishowe akatoka nje ya barabara akasimama kwenye nyasi.

"Umeona ujinga ule?" akamwuliza utingo wake. "Lori linatujia uso kwa uso, nalipigia honi, nalo halinipishi."

"Bosi," utingo akajibu taratibu, "dereva wake alikuwa wewe. Hata kofia ilikuwa hii hii."

Wakati huo Hainashida alikuwa amesimama na kikapu kimepasuka. Jogoo aliruka chini, akaingia shamba la mahindi kumtafuta adui yake. Dereva, utingo na binti walimkimbiza mstari kwa mstari. Utingo alianguka mara mbili. Mwisho jogoo alikamatwa akiwa amesimama mbele ya kioo, ambacho binti alikuwa amekiegemeza kwenye mti. Wakamfunga miguu, wakamgeuza atazame nyuma.

Kwenye makutano, msusi alishukuru sana. "Nishikie hapohapo, mdogo wangu, mteja wangu ajione. Si kazi hiyo." Kichwa cha mteja kilikuwa kimesukwa nusu. Hainashida alisimama ameshika kioo mpaka nusu ya pili ikaisha, na ndani ya kioo aliliona jua likishuka nyuma ya paa.

Alikanyaga pedeli kwa nguvu zote huku machozi yanamtoka. Alipofika kwa shangazi, taa zilikuwa zimewashwa. Alimkabidhi mama mwenye nyumba jogoo wake, aliyebakiwa na unyoya mmoja wa mkia, kisha akaingia chumbani.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alisukuma vitambaa kando, akampa maji, akamsikiliza. Kisha akampigia kaka yake simu, akaiweka juu ya cherehani wote wasikie.

"Umefika jua likiwapo?" baba akauliza.

Shangazi alimwachia binti ajibu. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Lilikuwa limezama, baba." Akaeleza yote, mpaka mkia wa jogoo. Baba akasikika kama anayejizuia kucheka.

"Nani aliyekuchelewesha?"

"Ni mimi. Wao waliomba tu."

Shangazi akamshika bega. "Baba yako ulimwahidi kufika mapema. Kisha muda huohuo ukamgawia mlinzi, ukamgawia seremala, ukamgawia msusi. Mwanangu, ukimwambia mtu ndiyo kwa jambo usiloliweza, hujamfanyia wema, umemdanganya. Kusema siwezi si kukosa adabu. Ni kusema kweli mapema."

"Nimefurahi umesema kweli," baba akasema. "Lakini kesho njia ni ndefu zaidi, na watu wa kuomba ni wengi zaidi. Asiyejua kukataa hatafika. Pikapu itakupitia asubuhi."

Kabla binti hajajibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mwenye nyumba, amekumbatia boga kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe.

"Nimesikia kesho unaendelea. Wakwe zangu wako njia hiyohiyo. Ungewapelekea hili, wala si mzigo."

Shangazi aliinamisha macho kwenye kitambaa chake. Huyu ndiye aliyempangisha chumba. Simu juu ya cherehani ilikuwa kimya, lakini taa yake bado inawaka.

"Haina..." binti akaanza, akalitazama boga. "Hapana, mama. Siwezi. Nikibeba hilo sitafika kwa bibi. Uniwie radhi."

"Lakini si mzigo, mwanangu."

"Ni mzigo, mama."

Kisha simu ikakohoa.

"Dada," sauti ya baba ikasema, "ngoja nimpigie shemeji, pikapu yake isipite huko kesho. Na huyo mtoto alale mapema, ana safari."

Mama mwenye nyumba alimtazama binti, akamtazama shangazi, akaitazama na simu. Akalipandisha boga lake kichwani, akatoka.