Jembe la Mpakani

Hivi wewe unamwogopa Mungu, au unaogopa majirani tu?

Theodora, rafiki yangu niliyesoma naye chuo, aliolewa na Tito wa Mkuu, Rombo, mtu wa benchi la mbele kanisani. Mwaka tisini na tatu Tito aligombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na jirani yao mjane, Mama Zita. Akashika Biblia mbele ya wazee, akaapa kuwa masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, hayajawahi kuguswa. Mama Zita akapoteza migomba yake yote ya upande ule.

"Na ukimdanganya Mungu je?" Theodora alimuuliza wakirudi nyumbani.

"Mungu ana kazi nyingi, Mama Abela," Tito akamjibu mkewe.

Jioni hiyo Theodora akaenda kumkatia ng'ombe majani. Ukungu ulikuwa umeshuka, na chini ya migomba giza lilishaingia. Akasikia jembe likilima kwenye ile migomba waliyoipata kwa kiapo. Chwa. Chwa.

"Mama Zita?"

Jembe likatulia. Kisha, chwa.

Akasogea mpaka sauti ikawa mbele ya miguu yake. Hapakuwa na mtu. Nyasi zilisimama vilevile, lakini udongo mbichi ulikuwa unamwangukia kwenye viatu. Aliutazama tu, kana kwamba viatu ni vya mtu mwingine.

Tito akaja na tochi kumtafuta. Chwa. Udongo ukamwangukia na yeye. Akavua kofia.

"Yale masale niliyahamisha mimi," akasema taratibu. "Siku wanamzika mume wa Mama Zita."